Malalamiko: Mikanda miwili ya harusi iliyobanwa kwenye diski moja

Ujiji,
Kigoma.
14 Agosti 2025

Meneja,
Tawi la Kigoma Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MIKANDA YA VIDEO NILIYOLETA KUHAMISHIWA KWENYE DISKI

Tarehe 21 Julai nilileta dukani kwenu mikanda miwili ya VHS ya harusi ya dada yangu, iliyofanyika hapa Ujiji mwaka 1995. Kila mmoja una saa tatu. Nililipa shilingi 30,000, yaani elfu kumi na tano kwa mkanda, na stakabadhi ninayo. Sikuomba kupunguziwa. Hiyo ndiyo bei mliyoibandika ukutani wenyewe, na chini yake mmeandika "ubora uleule".

Baada ya wiki mbili nilikabidhiwa diski moja. Nilidhani nyingine zinafuata, lakini kijana wa kaunta akaniambia kila kitu kimo humohumo.

Jioni tulikaa sebuleni na wajukuu wa marehemu mama. Mama alifariki 2003 na hawa watoto hawajawahi kumwona akitembea. Picha zake tulizonazo ni mbili tu, na zote amekaa. Katika mkanda wa kwanza, saa ya pili, mama anaingia uani na wenzake, amejifunga kibwebwe, sinia la halua kichwani. Mpiga picha alimsogelea mpaka kanga yake ikajaa kioo. Mkanda ukichezwa kwenye deki, maneno ya kanga unayasoma: Nani kama Mama. Kwenye diski yenu pale pana miraba mitupu. Mama akisimama, uso wake unajitokeza kidogo. Akianza kucheza, uso unavunjika vipandevipande na haurudi mpaka atulie, na siku ile mama hakutulia. Mjukuu mdogo aliniuliza, "Bibi ni yupi?"

Nilipopiga simu nilijibiwa kwamba mkanda umechakaa. Basi nikaupeleka Mwanga, hapahapa Kigoma, kwa ndugu yetu mwenye deki ambayo bado inafanya kazi, tukacheza mkanda na diski kwenye runinga ileile, kimoja baada ya kingine. Mkanda una chenga kwa chini na rangi nyekundu inavuja kidogo. Maneno ya kanga yanasomeka. Mkanda wa pili ni kweli una ukungu mweupe pembeni, umekaa miaka mingi sandukuni na huku kwetu ziwani unyevu haukauki, kwa hiyo chenga za mkanda ule silalamikii.

Ninacholalamikia ni kubana. Diski ya DVD ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7, na picha ya mkanda ikitakiwa ibaki inavyoonekana, humo zinaenea saa mbili hivi. Ninyi mmetia saa sita. Kila sekunde imepata theluthi ya nafasi yake, na penye watu wanaocheza ndipo panapotaka nafasi kubwa zaidi, ndiyo maana ngoma yote imeharibika wakati mashehe waliokaa kimya wanaonekana vizuri. Mikanda yangu ilitaka diski nne, mbili kwa kila mkanda. Mmeokoa diski tupu tatu bila kuniuliza. Mngeniambia kwamba diski ya ziada ina bei yake, ningelipa palepale, hata kama ingenibidi nikope. Nilikuja kwenu kwa sababu fedha yangu ni ndogo, lakini bei nafuu si ruhusa ya kumficha mteja anachopunguziwa.

Tena picha mmeivuta ijae runinga pana, na watu wote wamekuwa wafupi na wanene, bibi harusi naye. Picha za mikanda ile ni nne kwa tatu, yaani upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu. Mngeacha weusi pembeni. Sauti nayo inatoka spika ya kushoto peke yake.

Naandika haraka kwa sababu muda hauko upande wetu. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki hizi, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Deki ya Mwanga mpira wake umeanza kulegea, na deki ikifikia hapo hutafuna mikanda. Sitaki mkanda wa mama uchezwe mara kumi. Nataka uchezwe mara moja zaidi, na kazi ifanywe sawasawa.

Naomba mrudie mikanda yote miwili bila malipo: kila mkanda kwenye diski mbili, picha iachwe nne kwa tatu, sauti itoke spika zote. Kama diski ni tatizo, niwekeeni mafaili kwenye flashi. Saa sita kwa ubora huo ni kama gigabaiti 14, na flashi ya 16 nitanunua mwenyewe. Kabla ya kuanza, fundi asafishe ukungu na kichwa cha deki yenu. Mkiona hamwezi, nirudishieni shilingi 30,000 zangu.

Nasubiri jibu hadi tarehe 29 Agosti. Nisipolipata nitapeleka stakabadhi, diski na picha ya tangazo lenu Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa huduma.

Mikanda nitaileta mwenyewe, na nitakaa hapo dukani mpaka saa zote sita ziishe.

Wenu,
Mteja wa Ujiji