Kwa Zuhura, kabla hujaenda MSI

Mwanangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka nyumbani Mombasa. Hatujambo sote. Bibi yako anakusalimu, na anauliza kama koti ulilonunua linafunika magoti. Mwambie ukweli, maana upepo wa ziwa Michigan haubembelezi mtu.

Umeniuliza Jumamosi uanzie wapi kwenye MSI, makumbusho ya sayansi na viwanda ya Chicago. Anzia nje. Zunguka jengo kwanza, ulitazame kuta.

Lilijengwa kwa maonyesho makubwa ya dunia ya 1893, likiwa jumba la sanaa. Majumba mengine ya maonyesho yale yalionekana ya marumaru, kumbe ni plasta iliyochanganywa na nyuzi za juti, imepakwa juu ya fremu, ya kudumu msimu mmoja. Hili ndani ya plasta lilikuwa na matofali, kwa sababu wenye michoro ya thamani hawakutaka kuileta kwenye nyumba inayoshika moto. Walikuwa na haki. Oktoba 1871 Chicago iliwaka siku tatu: ukame mrefu, nyumba za mbao, hata njia za waenda kwa miguu za mbao, na upepo wa kusini-magharibi ukiusukuma moto. Paa la kituo cha kusukuma maji lilipoungua, mabomba yakakauka na wazima moto wakabaki na mipira mitupu mikononi. Watu kama 300 walikufa na wengine 100,000 wakakosa pa kulala. Ndiyo maana jumba la matofali limesimama hadi leo na yale mengine hayapo.

Plasta ya nje nayo ilibambuka baadaye, ikabadilishwa kwa mawe ya chokaa. Aliyetoa fedha za kwanza, dola milioni 3, ni mfanyabiashara Julius Rosenwald. Mwaka 1911 alikuwa München, Ujerumani, na mwanawe mdogo, na mtoto huyo hakubanduka kwenye makumbusho ya kule, ambako mgeni aliruhusiwa kubonyeza vitufe na kuzungusha magurudumu mwenyewe. Rosenwald akataka Chicago iwe na ya namna hiyo. Ilifunguliwa 1933, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Tangu 2024 jina rasmi ni Griffin Museum of Science and Industry, ila ukimuuliza mtu njia, sema MSI tu.

Kufika ni rahisi ukishaelewa namba za mitaa. Sifuri iko kwenye makutano ya State na Madison, katikati ya mji. Kutoka hapo namba 800 ni maili moja, isipokuwa zile maili tatu za kwanza kuelekea kusini: hapo maili ya kwanza inaishia 1200, ya pili 2200, ya tatu 3100. Makumbusho iko 5700 kusini, kwa hiyo ni kama kilomita 10. Usijaribu kutembea. Panda treni ya Metra Electric kutoka Millennium Station, ushuke kituo cha 55th-56th-57th, kisha elekea upande wa ziwa kwa miguu. Wageni wengi hukosea hapa: kadi ya nauli ya Ventra, inayokufungulia milango ya treni za mjini ziitwazo L, haitumiki kwenye Metra. Tiketi ya Metra inunue kwenye programu ya Ventra katika simu kabla hujapanda.

Siku nyingi wanafungua saa 3:30 asubuhi na kufunga saa 10 jioni. Wakazi wa Illinois wana siku za kuingia bure, lakini uwe na kitambulisho chenye anwani ya huko. Ziara ya ndani ya nyambizi na ile ya mgodi wa makaa zina tiketi zake, kila moja na saa yake. Zikate siku kadhaa kabla, la sivyo utaishia kutazama mgongo wa nyambizi.

Ukishaingia, nenda kwanza kwenye pendulumu, lile tufe zito linaloning'inia kwenye waya mrefu penye ngazi. Usipite tu. Simama, utazame linapoelekea, uchague alama ya ukutani iliyo mkabala na mstari wake, uandike na saa. Rudi zikishapita saa tatu kamili tangu hapo. Mstari utakuwa umehama nyuzi 30, sawa na nafasi kati ya namba mbili zinazofuatana kwenye uso wa saa ya mshale. Tufe halikugeuka, ni sakafu uliyosimama iliyogeuka chini yake, pamoja na dunia nzima. Kwa latitudo ya Chicago mzunguko mmoja huchukua kama saa 36. Hapa kwetu Mombasa, kwa kuwa tuko jirani na ikweta, pendulumu hiyohiyo ingehitaji siku 14, tena ingezunguka upande wa pili. Nanyuki, juu ya ikweta yenyewe, isingegeuka kabisa. Mwanangu, mtu akikuuliza dunia inazunguka umejuaje, uwe na jibu uliloliona kwa macho yako.

Mgodi wa makaa ndio wa zamani kuliko vyote, umekuwepo tangu 1933. Lifti inakushusha gizani, na masikio yatakwambia umekwenda mbali kuliko ulivyokwenda kweli. Msikilize mwongozaji anapofika kwenye gesi ya methani. Methani haina harufu wala rangi. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya hewa hailipuki. Ikizidi asilimia 15 hailipuki pia, kwa kuwa oksijeni haitoshi. Kifo kiko katikati. Wachimbaji walitumia taa ya mafuta iliyozungushiwa wavu laini wa waya. Wavu hufyonza joto, kwa hiyo moto wa ndani hauwezi kuvuka nje na kuwasha gesi. Na gesi ikiwepo, juu ya ule moto hutokea kofia ya buluu hafifu, ambayo hurefuka kadiri gesi inavyozidi. Taa moja, kazi mbili: mwanga na onyo. Wavu ukitoboka tundu dogo tu, taa hiyo inageuka kiberiti. Watawasha gesi kidogo mbele yenu ili msikie mlio wake. Usishtuke.

Nyambizi U-505 ni ya Wajerumani, urefu wake karibu mita 77. Ilikamatwa tarehe 4 Juni 1944 baharini, magharibi ya Afrika. Mabaharia wake, walipoona imeshindwa, walifungua kifuniko cha bomba la maji ya bahari ili izame, wakaruka. Wamarekani walioingia ndani hawakujua kama mabomu ya kujilipua yako tayari. Wakakitafuta kile kifuniko, wakakipata, wakakirudisha mahali pake. Kufumba na kufumbua, chombo kikaokoka pamoja na vitabu vyake vya siri. Ililetwa Chicago 1954, ikakaa nje miaka 50, na theluji na jua vikaila hadi 2004 ilipoteremshwa kwenye ukumbi wa chini ya ardhi. Ukiwa ndani, hesabu vitanda, kisha ujue kuwa mabaharia walikuwa 59.

Muda ukibaki, tazama mayai yanavyoanguliwa. Yai linakaa siku 21, na kifaranga hutumia saa nyingi kuvunja ganda. Usimuonee huruma, akisaidiwa mapema, mishipa ya damu iliyoshikana na utando wa ndani huchanika. Chombo cha anga cha Apollo 8 kipo pia, kile kilichowapeleka watu watatu kuuzunguka mwezi Desemba 1968. Ni kidogo kuliko utakavyodhani.

Jioni ukirudi Millennium Station, tembea hadi daraja la Michigan Avenue, uangalie mto. Ungetegemea maji yaende ziwani, ila yanatoka ziwani. Zamani mto uliingiza maji taka kwenye ziwa lilelile walilonywa. Wakachimba mfereji wa kilomita 45, chini kuliko usawa wa ziwa, na Januari 1900 mto ukageuka, ukaanza kutiririka kuelekea Mississippi. Hakuna pampu inayousukuma, ni mteremko tu.

Simba wa Tsavo wale walioua wajenzi wa reli yetu 1898 wako Field Museum, jengo jingine, karibu na katikati ya mji. Hao wawekee siku yao.

Niandikie zile alama mbili za pendulumu, pamoja na saa zake. Ukipata nyuzi 20 au 40 usibadilishe namba. Nitumie kama ulivyopima, tuhesabu wote kosa limeingilia wapi.

Baba yako