Slabu isimwagwe: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto wote. Mimi sijambo. Baridi imeshaanza na magoti yanasumbua kidogo, lakini kazini naenda na narudi, hayo tuyaache.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na picha za fundi nimezitazama moja moja. Nimeona nondo zimechomoza juu ya linta. Nimeona na ngazi. Ramani tuliyokubaliana haikuwa na ngazi. Ilikuwa nyumba ya chini, vyumba viwili, choo cha ndani na baraza pana ya kukaa jioni. Leo unaniambia fundi anasubiri pesa ya slabu, zege la kubebea ghorofa, eti dada hawezi kukaa Ulaya miaka yote hiyo halafu ajenge kibanda. Nani atalala humo akiwa na miaka 80, wewe au mimi? Nimekasirika, tena sana, maana mliamua bila kuniuliza wakati nyumba ni ya uzee wangu. Pesa ya slabu sitatuma. Nakuandikia kirefu ili usije ukasikia pembeni kwamba nimekataa kwa ubahili, na nakuomba umsomee Mama barua hii yote.

Kwanza pokeeni habari njema. Nimefungua rekodi yangu ya michango ya serikali ya hapa Uingereza na imeandikwa kwamba nimetimiza miaka 35. Hiyo ndiyo inayotakiwa kwa pensheni kamili ya serikali, na mwenye chini ya miaka 10 kwa kawaida haambulii kitu. Wako wengi niliofika nao hapa, wenye Kiingereza kizuri kuliko changu na vyeti kuliko vyangu, waliokuwa wakilipwa mkononi bila kukatwa mchango, na sasa wanahangaika kuziba mapengo. Mimi nilikatwa kila mwezi na sikulalamika. Mwambie Baba Mdogo, aliyesema mbele ya wageni kwamba naenda kufagia vyoo vya watu, kwamba binti yenu amekamilisha. Nataka ayasikie kutoka kinywani mwako, na Mama awepo.

Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 pensheni hiyo ni pauni 230.25 kwa wiki, na mimi nimo katika kundi la watakaoanza kuipokea wakifikisha miaka 67. Najua umeshashika simu unazidisha. Iweke chini kwanza, kwa sababu hapa ndipo penye jambo ambalo nyumbani hakuna anayelijua, na ndilo lililonifanya niipige hesabu upya nyumba nzima.

Hapa pensheni hupandishwa kila Aprili. Wanaangalia bei zimepanda kiasi gani, mishahara imepanda kiasi gani, na asilimia 2.5, kisha wanachukua iliyo kubwa. Lakini hiyo ni kwa anayeishi Uingereza, au aliyehamia nchi ambayo sheria inaruhusu nyongeza imfuate. Ukihamia nchi nyingine, pensheni inasimama pale ulipoondoka nayo na haisogei tena mpaka unakufa. Nchi yetu ni mojawapo ya hizo. Usidhani ni kwa sababu ya umaskini wetu, maana Kanada na Australia nazo zimo. Marekani nyongeza inakufuata, Ufilipino inakufuata, Jamaika na Morisi pia, na nchi za Umoja wa Ulaya. Wazee zaidi ya laki nne wamegandishiwa pensheni namna hiyo duniani kote.

Chukua mfano. Pensheni hii mpya ilianza Aprili 2016, na kiwango kamili kilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Aliyestaafu wakati ule akarudi kwetu, leo bado anapokea 155.65 ile ile. Mwenzake aliyestaafu siku moja naye akabaki hapa, kwa mwaka wa 2025/26 alipata 230.25. Wamechangia sawa. Kwa mwaka huo tofauti ni pauni 74.60 kila wiki, na inaongezeka kila Aprili. Yupo mama mmoja, Annette Carson, aliyefanya kazi hapa akahamia Afrika Kusini. Alianza kupokea pensheni mwaka 2000, sehemu ya msingi ikiwa pauni 67.50, ikaganda. Aliishtaki serikali, akashindwa katika mahakama za hapa, akaenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 akashindwa tena. Kwa hiyo usinijibu kwamba tutatafuta wakili.

Sasa rudi kwenye hiyo ghorofa. Nyumba haili pesa siku ya kujengwa tu. Itadai rangi, itadai bati, bomba litapasuka, ukuta utapata ufa, mlinzi atataka mshahara unaopanda kila mwaka. Kila kitu kitapanda, pensheni yangu itasimama. Nikistaafu nikiwa na miaka 67, nataka hesabu inayosimama hata nikifika 90. Bibi alifika huko, na mimi damu yake ninayo. Ghorofa ya vyumba saba itanifanya ombaomba katika nyumba yangu mwenyewe, na ninyi mtakuwa wa kwanza kuuliza zile pauni zimekwenda wapi.

Umeuliza pia kuhusu mfuko wa pensheni wa kazini, kwamba rafiki yako amekwambia naweza kuchukua robo yake bila kukatwa kodi. Amekwambia kweli. Sheria inaruhusu hiyo robo kuanzia miaka 55, na kuanzia Aprili 2028 itakuwa miaka 57. Lakini hiyo robo ndiyo hospitali yangu. Matibabu ya bure ya hapa, ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, yanamfuata anayeishi hapa, hayafuati pasipoti. Siku nikihama moja kwa moja, nimeyaacha. Na bima ya afya ukiitafuta ukiwa na miaka 70, na presha juu yake, kila unayemwendea anapandisha bei au anafunga mlango. Kwa hiyo pesa hiyo nimeshaipangia kazi. Haitaingia kwenye kokoto.

Shangazi aliniuliza kwenye simu kama kweli nina nia ya kurudi, au Uingereza imenimeza. Swali lile lilinikaa moyoni. Mwambieni nimezunguka kote kwa hesabu kabla ya kusema neno. Wenzangu wa kazini walinisifia Ureno, jua zuri na kodi nafuu. Nikafuatilia. Mwaka 2009 waliweka utaratibu wa kodi kwa wageni ambao wastaafu wengi waliukimbilia, mwaka 2020 pensheni za nje zikaanza kukatwa asilimia 10, na mwaka 2024 mlango ukafungwa kwa wapya. Watu waliouza nyumba zao kufuata kodi ile wangefanya vizuri kujiuliza kwanza kama wangeipenda Ureno bila hiyo kodi. Thailand wanakupokea ukiwa na miaka 50, lakini lazima uonyeshe baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na kila mwaka uombe kuongezewa muda. Tena huko nako pensheni inaganda. Morisi ningepata nyongeza zangu, na ni kisiwa kizuri. Ila huko ningekaa na nani? Nani ataniita kwa jina la utotoni?

Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Nimewauguza wazee wa hapa miaka mingi, najua uzee kuliko wengi wenu mnaonishauri. Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa amehamia Hispania na mumewe, nyumba nyeupe juu ya kilima, bahari inaonekana dirishani. Walikuwa wakienda huko likizo, wakapapenda, wakanunua. Mume ndiye aliyekuwa akiendesha gari. Alipofariki, mama hakuweza kufika dukani wala kwa daktari, na lugha ya majirani hakuijua. Akauza kwa hasara akarudi. Hakuwa akilia kwa sababu ya pesa. Alikuwa akisema hakuna aliyemgongea mlango. Tangu hapo kila mahali ninapopafikiria napaweka kwenye siku ya kawaida, siku ya mvua, niko peke yangu, sina gari, goti linauma. Nani anapita? Naweza kufika wapi kwa miguu?

Na kiwanja chetu hakipiti mtihani huo, mdogo wangu, samahani kwa kukisema vibaya. Nakipenda. Upepo wa pale jioni nauota nikiwa kwenye basi la usiku. Lakini kutoka lami hadi pale ni mbali, mvua ikinyesha gari haipandi, na hospitali yenye daktari bingwa ni safari ya nusu siku. Wewe una nguvu, unaona ni karibu. Halafu juu ya yote hayo unaniwekea ngazi. Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka ni sababu ya pili duniani kwa vifo vya ajali zisizokusudiwa, na wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni watu waliovuka miaka 60. Mimi sikuyasoma tu. Nimewanyanyua sakafuni kwa mikono yangu. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi harudi alivyokuwa.

Kuna na jambo dogo ambalo hamkulifikiria. Anayepokea pensheni akiwa nje hutumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba yuko hai, aijaze, shahidi asaini, airudishe. Isiporudi, malipo yanasimamishwa. Barua ngapi zimepotea kwetu? Nataka mahali penye sanduku la posta ninaloweza kulifikia mwenyewe bila kumtuma mtu.

Basi uamuzi wangu ni huu, na nimeufikiria kwa utulivu. Narudi. Sikuomba ruhusa ya kurudi na sitaomba. Ila sitaanza kwa kuhamia kwenye kiwanja. Nitapanga nyumba mjini, ya chini, karibu na hospitali ya rufaa, nikae mwaka mzima, kiangazi na masika, nione maji yanatoka siku ngapi, nione kama nalala usingizi kwa kelele na joto, nione ni ndugu gani wanakuja kunitembelea na ni nani wanakuja kwa ajili ya bahasha tu. Kupanga si aibu. Mtu akishanunua au kujenga mahali pasipomfaa, kutoka ni kazi, na kwa umri wangu hakuna muda wa kujenga mara mbili. Akaunti yangu ya hapa siifungi. Nikija huku kwa matembezi naweza kudai kiwango cha juu cha pensheni kwa muda nitakaokuwa hapa, na nikihamia tena moja kwa moja wananirudisha kwenye kiwango cha siku hiyo. Nimeuacha mlango huo wazi kwa makusudi, na Mama asikasirike.

Kiwanja kibaki. Nyumba ya chini iishe, ipauliwe, iwe ya kupumzikia mwisho wa juma na ya watoto wakati wa likizo. Kama wewe unataka ghorofa, una haki, una kiwanja chako ng'ambo ya kile cha kwangu. Jenga hapo kwa jasho lako na mimi nitakuja kuipongeza siku ya kuhamia. Nitapanda hizo ngazi mara moja, nikiwa nimeshika mkono wako.

Jana nilipotoka zamu nilisimama kituoni na watu wengi, kila mmoja na simu yake, na nikatamani mtu mmoja tu aniulize nimeamkaje. Hapa wanakuuliza lakini hawangoji jibu. Nimechoka kuongea taratibu ili nieleweke. Nataka kucheka kwa sauti mpaka jirani achungulie, nataka kubishana na Shangazi kuhusu mambo ya mwaka wa arobaini na saba, nataka kukaa na Mama bila kuangalia saa. Ndiyo maana nalinda kila senti. Siyo kwamba nimebadilika.

Sasa ya kufanya. Mwambie fundi azikate zile nondo zilizochomoza na apige boriti za paa. Ngazi ivunjwe, matofali yake yajenge ukuta wa baraza. Mlango wa choo upanuliwe, upana wa sentimita 90, ili kiti cha magurudumu kipite kikihitajika, na pasiwe na kizingiti kati ya chumba na choo. Bomba la kushikia liwekwe ukutani pembeni ya bafu, la chuma, lifungwe kwenye zege na siyo kwenye plasta. Badala ya ngazi mlangoni weka mteremko. Hayo yote nayalipia, nipe bei ya vifaa na ya ufundi kando kando, na risiti unipigie picha. Hati ya kiwanja ifuatiliwe mwezi huu, kwa jina langu kama tulivyosema mbele ya Mama. Hilo sitalirudia tena.

Na kama umeshachukua oda ya saruji ya slabu, rudisha au uitumie kwenye sakafu. Nipigie Jumapili baada ya ibada nikiwa nyumbani, na Mama awe karibu. Nisalimie Shangazi, mwambie nimemjibu.

Ni mimi dada yako.