Rehema, usianze na kuta

Mpendwa Rehema,

Salaam nyingi, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili. Katika wodi yako ya wachanga, watoto njiti watatu ndani ya siku nane, wote wana bakteria aitwaye Klebsiella kwenye damu, na kwa wote antibiotiki mbili, seftriaksoni na jentamaisini, hazikufua dafu. Huo ni mlipuko, na kuna njia inayomtoa bakteria huyo kitanda kimoja hadi kingine. Unasema uongozi unataka kuhamisha watoto, kupulizia dawa kutani na kupaka rangi upya. Wasihi wasubiri kidogo. Klebsiella hakai ukutani akimngoja mtoto. Anakaa kwenye utumbo wa watoto ambao bado hawajaugua, kwenye maji, na kwenye dripu.

Maabara yenu imeandika ESBL. Maana yake bakteria anatengeneza kimeng'enya kinachokata dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini kabla hazijamfikia. Maelekezo ya kukitengeneza yako kwenye kipande cha DNA cha mviringo kiitwacho plazmidi, na mara nyingi plazmidi hiyo hiyo hubeba na usugu wa jentamaisini, ndiyo maana dawa mbili zisizofanana zimegoma kwa mpigo. Tena plazmidi huhama: mle utumboni Klebsiella humgawia E. koli, bakteria mwingine wa utumbo aliye jirani yake. Hatari yake unaijua. Pale Muhimbili, utafiti uliochapishwa 2005 ulikuta kwamba miongoni mwa watoto waliokuwa na bakteria wa ESBL kwenye damu, asilimia 71 walifariki.

Kwa hiyo hao watatu wachukulie kuwa ndio walioonekana tu. Mtoto anaweza kumbeba bakteria huyu tumboni kwa wiki na miezi, ananyonya, anaongezeka uzito, hana homa, na kila nepi yake ni chanzo. Anaugua pale tu bakteria anapopenya kwenye damu, labda kupitia kanula (kile kimrija cha mshipani), labda kupitia utumbo wenyewe ambao kwa njiti bado ni mwepesi.

Kesho asubuhi, kabla ya kitu kingine, chukueni sampuli ya choo kwa kila mtoto aliyemo wodini, siku hiyo hiyo moja. Swabu, yaani kijiti chenye pamba, iingie kwenye njia ya haja kubwa kama sentimita 1 tu, polepole, au ichovywe kwenye choo kibichi cha nepi. Swabu isiyo na doa la choo irudieni, kwa sababu itakuja na jibu la "hakuna" ambalo si kweli. Waombe maabara waoteshe kwenye MakKonki, kile chakula cha kuoteshea bakteria, kilichotiwa sefotaksimu (antibiotiki ya jamii ya sefalosporini) miligramu 2 kwa lita. Hapo bakteria wa kawaida wengi watanyamazishwa, na Klebsiella sugu ataonekana kesho yake: koloni (vichuguu vya bakteria) kubwa za rangi ya waridi, zenye ute, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Rudieni kila wiki. Mkipata mizunguko mitatu mfululizo bila mbebaji mpya, hapo ndipo mtakapoanza kupumua.

Jibu likija, usimpe dawa mtoto aliyebeba tu bila kuugua. Antibiotiki haimtoi bakteria huyu tumboni, inamwondolea washindani. Seftriaksoni ndiyo mbaya zaidi kwa hili, maana sehemu yake hutoka na nyongo na kumwagikia utumboni, ikafyeka wale wema na kumwachia sugu shamba tupu. Kwa mchanga mwenye manjano, au aliye kwenye dripu yenye kalsiamu, haifai hata bila mlipuko.

Sasa nije kwenye kile ninachokishuku zaidi. Umeandika kwamba dekstrozi (maji ya sukari ya dripu) ya wodi nzima hutoka kwenye chupa moja, "kwa kuwa watoto wanatumia kidogo kidogo". Rehema, simamisheni hilo leo. Klebsiella na ndugu yake Enterobakta huota vizuri kabisa ndani ya dekstrozi ya asilimia 5 kwenye joto la kawaida la chumba, na maji yenyewe hubaki meupe, hayachafuki machoni. Iangalie ile chupa yenu saa nane mchana: mpira wa mdomoni una matundu kumi, na pengine sindano moja imeachwa imechomekwa humo tangu asubuhi ili kurahisisha kazi. Kila aliyevuta alishika kichwa cha sindano kwa mkono uliotoka kubadili nepi. Akiingia bakteria mmoja saa mbili asubuhi, mpaka jioni mnawachoma watoto kumi na uzao wake.

Kila mtoto awe na chupa yake ndogo, imeandikwa jina, tarehe na saa ya kufunguliwa, na itupwe baada ya saa 24 hata ikiwa na nusu. Maji ya kusafishia kanula yatoke kwenye ampuli ya mililita 10 ya mtu mmoja, si kwenye chupa ya nusu lita. Mpira upanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 na uachwe ukauke. Ukichoma ungali umelowa, hujafanya kitu. Kama kichupa cha dawa lazima kigawanywe kwa sababu ya bei, dozi zote zivutwe kwa mara moja, na mtu mmoja aliyenawa, juu ya meza safi, na masalia yatupwe.

Meza hiyo isiwe karibu na sinki. Hapa watu wengi hawaamini mpaka waoneshwe. Pale Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, watafiti waliweka E. koli kwenye kona ya bomba chini ya sinki, pale maji machafu yanapotuama, wakalisha bomba hilo virutubisho. Utando wa bakteria ulipanda kwa wastani wa sentimita 2.5 kwa siku, na baada ya wiki ukafika kwenye kichujio cha tundu la sinki. Bomba lilipofunguliwa, matone yaliruka hadi sentimita 75. Matokeo yalichapishwa 2017. Chukua futi yako upime kutoka sinki la wodi hadi trei ya dawa, halafu hadi kwenye kitanda cha mtoto wa karibu. Na mkataze kabisa kumwaga humo mabaki ya maziwa, dekstrozi au antibiotiki, kwa sababu hicho ndicho chakula chake. Sinki la kunawia liwe la kunawia tu. Chupa ya maji ya oksijeni nayo, ile inayotoa mapovu, imwagwe na kukaushwa kila siku, isiwe ya kuongezewa juu kwa juu.

Mikono, najua umeimba mpaka umechoka. Tatizo la wodi nyingi ni kwamba kitakasa mikono kiko mlangoni na mtoto yuko mita sita mbele. Kiwekwe kwenye kila kitanda. Kama manunuzi yanasuasua, mfamasia wenu anaweza kukitengeneza kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ifike lita 10. Ifungwe ikae saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksidi iue mbegu za bakteria zilizokuja na chupa. Kazi ifanyike mbali na moto. Kusugua ni sekunde 20 hadi 30, na mikono yenye uchafu unaoonekana inawe kwa sabuni kwanza.

Usafi wa vifaa: sabuni na maji kwanza, klorini baadaye, kwani klorini ikikutana na damu au maziwa nguvu yake huishia hapo. Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, itakupa asilimia 0.5. Dakika 10, kisha suuza. Ichanganywe upya kila siku, na inkubeta isisafishwe mtoto akiwa ndani. Dawa za fenoli zisiingie kabisa wodi ya wachanga, zinaweza kuwaletea manjano.

Waliobeba wawekwe upande mmoja na muuguzi wao. Israel mwaka 2007 walikuwa na Klebsiella mbaya kuliko huyu wenu, asiyesikia hata dawa za kundi la meropenemu, antibiotiki za akiba za mwisho. Wizara iliagiza wabebaji watengwe na wahudumiwe na wauguzi wasiogusa wengine, na kila hospitali itoe taarifa kila siku. Wagonjwa wapya walikuwa 55.5 kwa kila siku-wagonjwa 100,000 (mgonjwa mmoja akilazwa siku moja ni siku-mgonjwa moja). Kufikia Mei 2008 walishuka hadi 11.7. Najua usiku una muuguzi mmoja. Basi aanze na wasiobeba, amalizie na wabebaji, na asirudi nyuma bila kusafisha mikono.

Msiwazuie akina mama. Jaribio lililochapishwa 2021, ambalo Tanzania ilishiriki, lilionesha kwamba kumbatio la kangaruu, yaani mtoto kukaa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, likianza mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya njiti kwa asilimia 25. Kifuani mtoto anapata bakteria wa mama yake badala ya wale wa wodi. Wafundishwe kunawa tu, na kila mmoja awe na kikombe chake cha kukamulia.

Meropenemu itunzeni kwa mtoto anayeugua, na irudiwe kupimwa haja yake kalcha (kipimo cha kuotesha bakteria wa damu) ikirudi saa 48 baadaye. Mkimwekea kila anayechemka, mtazalisha yule wa Israel hapo hapo wodini.

Nitumie ramani ya vitanda ukishapata majibu ya swabu, pamoja na orodha ya nani alichomwa dripu kutoka chupa ipi. Hata ukiipiga picha kwa simu inatosha. Msalimie mama.

Rafiki yako,
Mwajuma