Kabla shemeji hajamwaga pevingi

Mikocheni, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi, na hongera tena kwa hizo ekari mbili za Kibaha. Mchoro wa shemeji nimeuona kwenye simu: nyumba katikati, pevingi mpaka getini, ukoka kila upande, miashoki imepangwa ukutani kama gwaride. Ukoka nauza, miashoki nauza, kwa hiyo ningetengeneza hela. Lakini kwa kuwa ni wewe nasema wazi: mgeni akishaingia getini ameona kila kitu, hana sababu ya kutembea. Na kiangazi ukoka wote huo utakunywa maji ya boza mpaka mkome.

Nilipokwenda kwa dada Uingereza alinipeleka kwenye bustani ya Sissinghurst, huko Kent. Mwandishi mmoja, mama aitwaye Vita Sackville-West, na mumewe Harold Nicolson walipanunua mwaka 1930 pakiwa magofu na takataka tupu. Karne ya 18 waliwahi kufungiwa humo mateka wa Kifaransa. Mume alipiga mistari, mke akapanda. Kuta za matofali zilizobaki na nyua za mti uitwao yew zimeikata bustani vipande: huku mawaridi, kule mitishamba, kwingine miti ya matunda. Unapita kwenye mwanya wa ua, unajikuta mahali pengine kabisa, na ulikotoka hukuoni tena. Ukitaka kuona mpangilio wote lazima upande mnara. Mwaka 1938 walianza kuingiza wageni kwa shilingi moja, na tangu 1967 pako chini ya National Trust, shirika la huko linalotunza majumba na bustani za kale.

Kilichoniteka mimi ni bustani nyeupe. Maua meupe matupu, na majani ya kijivu. Mama mwenye bustani aliandika kwamba anatamani kumwona bundi mweupe akikatiza pale magharibi ikiingia. Mh! Aseme hivyo Manzese kama hajaitwa mwanga. Bundi tumwachie mwenyewe, weupe tuuchukue, maana sisi hasa ndio unatufaa. Nani anakaa nje saa saba mchana? Bustani yetu ni ya jioni. Giza la huku halina subira, na umeme ukikatika maua mekundu na ya zambarau yote yanageuka meusi. Meupe ndiyo yanabaki yanaonekana.

Kwa hiyo nyuma ya nyumba jengeni kibaraza cha simenti, mkizungushie asumini. Vitumba vyake unavichuma jioni vikiwa bado vimefumba, vigumu kidogo ukivibonyeza, unavitunga kwenye uzi mmoja mmoja. Usiku vinafunguka vyenyewe na chumba kizima kinanukia. Ongeza bogenvilia nyeupe ukutani, yatosha. Usinichanganyie na ile ya pinki hata kama utapewa bure.

Mengine ya kule yaacheni kule. Chini ya miti ya matunda wanaacha nyasi zirefuke makusudi. Kibaha hiyo ni kukaribisha nyoka. Wana na handaki la maji la kale, zuri kweli, ila kwako litakuwa kiwanda cha mbu, labda mfuge perege. Mawaridi ya maduka ya maua hapa mjini yanatoka Arusha kwenye baridi, usijitese.

Ua wa kuigawa bustani yenu vipande uwe wa michongoma, ikatwe mara kwa mara ijifunge kuanzia chini. Minyaa hapana, una wajukuu: utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Upande wa barabara bakizeni ukoka kidogo wa watoto kuchezea mpira, karibu na jiko rehani, mchaichai na mchicha, na ile miembe ya zamani msiiguse. Kila mwanya wa ua uelekee kitu: mtungi, benchi, hata shina la mwembe. Nicolson alilijua hilo vizuri. Ukisimama kwenye njia zake macho hayakosi pa kufikia.

Mwambie shemeji asimwage pevingi kwanza. Jumapili nakuja na kamba na chokaa tupige mistari, miche isubiri masika. Mtafute kijana wa kuchimba mashimo na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, si mbichi. Chakula cha mchana juu yako, na samaki wasikose.

Wako,
Mama Salma