Rugaruga hawakuvaa majani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Majuzi nilialikwa kwenye sherehe ya shule moja hapa Tabora, watoto wakaigiza vita vya Mtemi Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi wa karne ya kumi na tisa. Waliigiza kwa moyo, lakini rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, walitoka wamefungwa majani ya mwembe kiunoni na kichwani, nyuso zimepakwa masizi. Nikaambiwa mpiganaji sharti asionekane. Iliniuma, kwani huenda baadhi ya watoto wale ni vilembwe vya rugaruga wenyewe.

Rugaruga alivaa aonekane. Alijitanda nguo nyekundu, kichwani manyoya ya ndege, mwilini mapambo ya shaba na pembe za ndovu. Wengine walining'iniza meno ya watu waliowaua. Fikiria uko shambani na jembe lako, ghafla unaona wekundu ule unashuka kilimani kwa kelele. Mguu unataka kukimbia kabla mkuki haujarushwa.

Kujificha walikujua pia, ila hawakukutafuta kwenye nguo. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, msafiri Stanley akiwa upande wao, walikwenda kumpiga Mirambo. Kikosi cha Soud bin Sayd, mmoja wa Waarabu hao, kikateka kijiji cha Wilyankuru, kikaanza kurudi kimelemewa na pembe na mateka. Mirambo na watu wake walikuwa wamelala kimya kwenye nyasi ndefu, huku na huku ya njia. Msafara ulipofika katikati wakainuka kwa pamoja. Soud aliuawa hapo, na waliosalia wakatawanyika. Nyasi zilificha, kisha mavazi yakatisha.

Morani wa Kimaasai naye alivaa manyoya ya simba au ya mbuni yaliyomwongezea kimo, mwili ukawaka kwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Michoro ya ngao yake ilitaja rika na ukoo. Kwenye vumbi la vita, mkuki mkononi, lazima umjue mwenzako kwa kutupa jicho mara moja, la sivyo utamchoma ndugu yako.

Hayo ya kufanana na majani ni mageni. Waingereza walipigana na Wazulu pale Isandlwana, Afrika Kusini, mwaka 1879 wakiwa na makoti mekundu, na Wafaransa waliingia vita vya 1914 na suruali nyekundu. Bunduki zinazofika mbali, na baruti isiyotoa moshi, ndizo zilizowavua. Hata neno kaki asili yake ni vumbi, kwa Kiajemi.

Nawasihi walimu wenzangu wanaoandaa maigizo: kitambaa chekundu mita mbili, manyoya ya kuku na kengele za miguuni havina gharama kubwa. Wavalisheni watoto hivyo, kisha walazeni kwenye nyasi za uwanja wa shule mpaka adui afike katikati.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tabora