Barua kwa sahibu yangu, kuhusu marubani wa Mojave

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na hasira yako nimeiona tangu mstari wa kwanza. Unasema safari za anga za juu zinazogharamiwa na watu binafsi ni michezo ya matajiri, na kwamba yule rubani msaidizi, Michael Alsbury, aliyefariki mwaka 2014 chombo chake kilipovunjika angani, aliponzwa na pupa yake mwenyewe. La kwanza sitakubishia sana. La pili nalikataa, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Turudi nyuma kidogo. Katika jangwa la Mojave, California, Burt Rutan na kampuni yake ya Scaled Composites waliunda chombo kidogo kilichoitwa SpaceShipOne. Fedha zilitoka kwa Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft, ambaye alimwaga zaidi ya dola milioni 20 kuwania tuzo ya dola milioni 10. Kama ile ilikuwa biashara, basi hesabu yake aliijua yeye. Sharti la tuzo lilikuwa chombo chenye uwezo wa kubeba watu watatu kifike kilomita 100 juu, kirudi salama, kisha kirudie safari hiyo ndani ya wiki mbili.

Kupanda sitakuchosha nako: ndege mama inakibeba hadi kama kilomita 14, inakiachia, rubani anawasha injini ya roketi na kuelekeza pua juu. Kazi iko kwenye kurudi. Chombo kikiingia kwenye hewa nzito kikiwa kimekaa upande, kinaweza kuvunjika vipande. Rutan akabuni mkia unaokunjwa: sehemu ya nyuma ya mabawa inainuka pamoja na mkia, na chombo kinashuka kikiwa kimetanguliza tumbo, hewa ikikipunguza kasi. Umewahi kuona kile kipira cha vinyoya kinachopigwa kwa raketi? Kirushe utakavyo, kitajiweka sawa chenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Rubani hakuhitaji kupatia kila kitu; mkia ulimfanyia.

Na palikuwa na mengi ya kwenda mrama. Tarehe 21 Juni 2004 Mike Melvill, mzaliwa wa Afrika Kusini mwenye umri wa miaka 63, alikuwa anapanda pale chombo kilipolala ubavu ghafla, kisha kifaa cha kurekebisha mkia kikagoma, ikabidi ahamie kwenye mtambo wa akiba. Alifika kilomita 100 na mita 124. Mita 124 tu ndizo zilizomvusha mpaka wa anga za juu! Na katika zile dakika chache za kutokuwa na uzito, mzee huyu akatoa pipi za chokoleti za rangi rangi akaziachia zielee mbele ya uso wake. Kwa hilo tu nampenda. Tarehe 29 Septemba akarudi tena juu, safari hii chombo kikabiringika mara 29 huku watu walioko chini wakishika vichwa; akazima injini, akakituliza, akatua.

Aliyekamilisha kazi, tarehe 4 Oktoba, ni Brian Binnie, aliyefika kilomita 112. Huyu Binnie ndiye aliyetua kwa kishindo Desemba 2003 mpaka mguu wa gurudumu ukavunjika na chombo kikatoka nje ya njia. Hawakumtupa. Walimrudisha kwenye usukani, na ndiye aliyewaletea tuzo. Hilo nataka ulikumbuke ukifika mbele.

Sasa njoo 2014. VSS Enterprise kilikuwa chombo kikubwa zaidi cha ukoo uleule, chenye mkia uleule wa kukunjwa, kilichojengwa na Scaled kwa ajili ya Virgin Galactic, kampuni ya safari za anga za juu. Tarehe 31 Oktoba kiliruka na Peter Siebold, akisaidiwa na Michael Alsbury. Komeo la mkia lilipaswa kufunguliwa chombo kikifika mara 1.4 ya kasi ya sauti. Alsbury alilifungua kwenye kama 0.8. Katika kasi ile hewa huusukuma mkia kwenda juu kwa nguvu, na komeo ndilo lililokuwa likiushikilia. Mkia ukainuka bila kuamriwa, chombo kikasambaratika. Siebold alijikuta angani, parachuti ikafunguka yenyewe, akapona. Mwenzake hakupona.

Wewe unaishia hapo: alikosea. Hebu jiweke kwenye kile kiti. Injini inatikisa kila kitu, mwili umekuwa mzito, kazi zote za sekunde zile unazifanya kwa kukariri, na unajua kwamba komeo likiwa bado limefungwa kasi ikifika 1.8, safari inakatishwa. Kuchelewa kuliwekewa onyo. Kuwahi hakukuwekewa kitu. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilisema wazi kwamba Scaled hawakuzingatia uwezekano wa kosa moja la binadamu kuleta maangamizi, wala hawakuweka kinga. Chombo kilichofuata, VSS Unity, kiliwekewa kizuizi cha kuzuia komeo lisifunguliwe kabla ya wakati.

Kinachonikera ni hiki: mkia ule ulibuniwa kwa sababu walijua rubani anaweza kubabaika. Wakamkinga wakati wa kushuka, wakamwacha peke yake wakati wa kupanda.

Blue Origin, kampuni nyingine ya safari hizi, walichukua njia tofauti. Roketi yao ya New Shepard haina rubani kabisa, na iliruka mara 15 bila mtu ndani kabla ya kubeba watu tarehe 20 Julai 2021. Haina mvuto wa Melvill na pipi zake, lakini ningekuwa abiria ningeichagua hiyo.

Na kuhusu michezo ya matajiri: Julai 2007, palepale Mojave, wafanyakazi watatu wa Scaled waliuawa na mlipuko wakijaribu mtiririko wa gesi ya injini. Walikuwa ardhini, kazini kwao. Hakuna aliyekuwa tajiri.

Niandikie unibishie, najua huwezi kujizuia. Matajiri waseme utakavyo. Ila Alsbury, neno lile la pupa mwondolee.

Wasalimie wote hapo.

Wako,
Sahibu yako