Kulala njiani na gari si uhuni wala uzungu

Mhariri,

Asalaam alaykum. Naomba nafasi japo ndogo kwenye ukurasa wa barua, mana wiki iliopita kuna msomaji kaandika ati hawa vijana wanaokuja Pemba na gari zao na mahema wakalala ufukweni wanaiga uzungu na wanaleta uhuni, mtu mzima akisafiri analala hoteli au kwa jamaa zake basi. Tulisomewa barua hiyo hapa barzani Wete, watu wote wakanigeukia mie kwa vile umri wangu wote nimeumaliza kwenye usukani na chini ya gari, wakasema jibu wewe.

Huo uzungu kwanza. Wavuvi wetu wanakwenda dago tokea enzi za mababu, wanapiga vibanda vya makuti kwenye fukwe za watu, wanapika hapohapo na kulala hapohapo mpaka samaki wahame, sijamsikia mtu kusema wanaiga. Msimu wa karafuu nao watu wanahama na mikeka na masufuria kwenda kambi huko mashamba. Leo kijana kafunga turubai ubavuni mwa Noah yake kule Vumawimbi ndo imekua mila ya kigeni?

Lakini hilo dogo. Mie nnataka kumuuliza mwenzangu, hizo hoteli za njiani anazozisifu anadhani zilianzaje? Gari zilipotoka hakukua na sheli, hakukua na gereji, na barabara zenyewe zilikua za farasi na punda. Mwaka 1888 kule Ujerumani Bertha Benz, mke wa Karl Benz alietengeneza gari, aliondoka na gari ya mumewe bila kumuaga, yeye na wanawe wawili wa kiume, kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, kilomita mia na kitu. Mafuta akanunua duka la dawa mji wa Wiesloch mana ndo palipokua na ile dawa ya kutolea madoa ambayo injini iliweza kuichoma, mrija wa mafuta ukaziba akauzibua kwa pini ya kofia. Alikua anakwenda kwa mamaake. Kwahiyo hapo mwenzangu namkubalia, huyo alilala kwa jamaa.

Sasa wasio na mama mbele ya safari? Daktari mmoja Mmarekani, Horatio Nelson Jackson, mwaka 1903 aliwekeana dau la dola 50 kua atavuka Marekani nzima kwa gari, San Francisco mpaka New York (dau ni haramu, najua, tuliache hilo). Akamchukua fundi, Sewall Crocker, gari ilikua Winton, wakapakia mablanketi na vyombo vya kupikia na spana na kamba na kapi ya kujivutia kwenye matope, na huko kati wakanunua na mbwa wakamvisha miwani ya vumbi kama wao. Wakachukua siku 63, na sehemu nyingi wanalala pale pale giza lilipowakutia. Kitu kikivunjika wanakaa kungoja treni ilete kipuri. Mafuta yakawaishia Oregon, Crocker akapanda baiskeli kuyafata mji wa Burns, na baiskeli nayo ikapata pancha! Wallahi niliposoma hapo nlicheka peke yangu, mana fundi yoyote anaijua siku ya namna hio. Kuna na mwanamke aliwaelekeza njia sio makusudi kabisa ili wapite kwao ndugu zake waione gari, Jackson mwenyewe ndo aliesimulia.

Na asije akasema hio kazi ya wanaume tu. 1909 Alice Ramsey, miaka 22, na wenzake watatu wanawake ambao hata kuendesha hawajui, waliivuka nchi hio hio kwa siku 59 na tairi kabadilisha yeye mwenyewe, 11.

Huku kwetu pia. Paul Graetz, mwanajeshi wa Kijerumani, alitoka na gari Dar es Salaam Agosti 1907 akafika Swakopmund, upande wa pili wa Afrika, Mei 1909. Karibu miaka miwili barabarani ambapo barabara yenyewe haikuwepo. Petroli yake ilitangulizwa mbele na kuwekwa kwenye vituo, na iliofika huko ilifika kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Hao nao walilala porini, na majina yao mie sijayaona popote. Nnapoambiwa kulala njiani ni uzungu mie nawakumbuka hao kabla ya Graetz.

Wapo walioifanya kama harusi, nakubali. Henry Ford, Thomas Edison yule mvumbuzi na Harvey Firestone wa matairi walikua wakitoka pamoja kupiga kambi kwenye miaka ya 1910 mpaka 1924, na msafara wa gari, wapishi, gari moja zima jiko, mataa ya umeme ndani ya mahema, mwaka 1921 mpaka Rais Harding wa Marekani akaenda kukaa nao. Waandishi nyuma, picha magazetini. Firestone anauza tairi na Ford anauza gari, msiniambie walifata hewa safi peke yake.

Watu wa kawaida ndo wenye funzo. Hao walikua na Ford Model T yao, gari ya kuwasha kwa hendeli, ukiishika vibaya inakuvunja mkono, na mafuta yakiwa kidogo mlima unaupanda rivasi mana tangi liko chini ya kiti na pampu haina, ukipanda kwa mbele injini inakua juu ya tangi na mafuta hayaifikii. Hema unalifunga ubavuni mwa gari, kama anavyofanya huyu kijana wa Noah. Walikua wanaingia mashamba ya watu, wanachuma matunda, wanaacha makopo na uchafu, wenye mashamba wakaanza kuja juu. Malalamiko ni yale yale ya msomaji wenu, na mie siyakatai, nishaona chupa na maganda pale ufukweni na yanakera.

Lakini angalia wenzetu walifanya nini. Baada ya vita ya kwanza ya dunia miji mingi ya Marekani ikatenga viwanja, ikaweka maji, vyoo, majiko ya kupikia, bure kabisa, mana wenye maduka walijua mwenye gari akilala mjini asubuhi atanunua mkate na petroli. Denver walikua na Overland Park, eka 160. Ilipofika katikati ya miaka ya 1920 wakaanza kutoza pesa ili wasiokua wasafiri wasihamie mle moja kwa moja. Mwenye kiwanja akaona akijenga na vibanda atapata zaidi, vibanda vikawa vyumba, na 1925 huko San Luis Obispo, California, ikafunguliwa moteli ya kwanza. Kwahiyo hoteli ya njiani imezaliwa na mahema, na baina ya hema na hoteli kuna mfereji na choo.

Ndo maana mie naomba masheha na wahusika wa wilaya, badala ya kuwakimbiza vijana usiku na tochi kama ilivyotokea juzi juzi, watenge kiwanja kimoja tu kwa kuanzia, njia ya Konde kwenda Ngezi pangefaa, mana gari zote za kwenda Vumawimbi na Kigomasha zinapita hapo. Mfereji, choo, pipa la taka, mgambo mmoja wa usiku, na kinamama wa hapo waachiwe wauze chai na mikate ya kumimina asubuhi. Msimu wa kwanza iwe bure, alafu elfu mbili kwa gari. Anaelala nje ya kiwanja hapo sasa mtozeni faini na mie ntakua upande wenu. Na choo cha wanawake kiwe mbali na cha wanaume, hilo halina mjadala.

Dereva mstaafu,
Wete, Pemba.